Hapa Hakuna Shemeji

Gresik, 27 Machi 1994

Kwa dada yangu Rumiyati,

Assalamu alaikum. Shikamoo dada. Natumaini hamjambo wote hapo Kediri, wewe, shemeji na Yanti. Mimi mzima, ila kikohozi cha gundi ya viatu bado hakijaniacha. Nisamehe sikuja Idi. Kiwanda kilitupa siku mbili tu, na safari ya basi ingezimaliza zote.

Kuna jambo limenikaa kifuani. Unamkumbuka Kasmi, yule mwenye kucheka hovyo niliyekuja naye kwenye arobaini ya mama? Wiki moja kabla ya Idi mashine ya kubana soli ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Zamani kila mashine ilikuwa na kinga ya chuma, ukiingiza mkono haishuki. Msimamizi alizifungua zote mwezi wa kumi na mbili, eti zinachelewesha kazi. Hospitali ikaandika kwamba Kasmi ameangukia panga nyumbani. Alipopata nafuu akaenda ofisini peke yake kuuliza. Wakamwekea mezani karatasi ya kukubali kwamba alikuwa anasinzia. Akawaambia hawezi kushika kalamu. Wakamkamata dole gumba la kushoto, wakalichovya kwenye wino.

Chama cha wafanyakazi tunacho, cha serikali. Mwenyekiti wake ni msaidizi wa meneja wa utumishi. Tulipomwendea akasema, "Nyie wasichana kazi yenu kulalamika, mtakosa waume." Kasmi akamjibu, "Wangu ameshakosa pa kunivika pete."

Basi kila Alhamisi, zamu ya asubuhi ikiisha, tunakutana chumbani kwangu kusoma Yasini. Tukimaliza Yasini tunazungumza. Tunataka chama chetu wenyewe. Tulianza saba, sasa tuko arobaini, wengine wanakaa kwenye ngazi.

Tuombee.

Mdogo wako,
Winarsih


Kediri, 9 Aprili 1994

Mdogo wangu Winarsih,

Wa alaikum salaam, na marahaba. Sisi wazima. Yanti ameng'oka jino la mbele na sasa jina lako linamshinda kutamka. Shemeji yako amepandishwa cheo, ni sajini sasa. Kwa hicho kikohozi chemsha tangawizi na sukari guru, unywe ikiwa moto.

Habari ya Kasmi imeniliza. Lakini hayo mengine yaacheni. Chama kipo kimoja na serikali imesema kimoja kinatosha. Kama mna shida nendeni kwa meneja kwa adabu, mmoja mmoja. Hakuna mkubwa anayependa kuzingirwa. Au acha kazi uje huku, jirani yangu anatafuta mshonaji.

Wewe ulikuwa hujazaliwa baba mdogo Sardi alipochukuliwa. Mimi nilikuwa na miaka saba. Alikuwa kwenye chama cha wakulima, na kosa lake lote ni kwamba aliandika majina ya waliohudhuria mkutano, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Askari walikuja na lori mchana, bibi akiwa anapepeta mchele. Hakurudi, na hakuna aliyekwenda kuuliza. Nilipotaka kuolewa, jeshi lilinipa fomu ya kuorodhesha ukoo wangu wote, waone kama ni safi. Niliandika kwamba baba hakuwa na ndugu. Baba Yanti hajui mpaka leo. Wewe ukikamatwa watafukua kila kitu, na sitaharibikiwa mimi peke yangu.

Barua hii nampa mkononi muuza vitambaa anayekuja huko. Ya kwako ilinifikia ikiwa imegundishwa mara mbili. Ukishaisoma hii ichome.

Dada yako,
Rumiyati


Gresik, 1 Mei 1994

Dada yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, shikamoo. Tangawizi imesaidia, sasa nakohoa asubuhi tu. Mpe Yanti busu kwenye hilo pengo.

Barua nimeichoma kama ulivyosema. Kwanza niliisoma mara tatu, maana tangu nizaliwe sijasikia mtu akimtaja baba mdogo Sardi. Nilidhani alikufa kwa homa.

Unasema twende mmoja mmoja. Kasmi alikwenda mmoja, dada.

Jumanne asubuhi hatukuwasha mashine. Tulikaa chini, wanawake mia tatu na ushei, kimya. Meneja alikuja na kipaza sauti, ingawa ungesikia hata sindano ikianguka.

"Nani kiongozi wenu?"

"Sote."

"Sote ni nani? Nataka mtu mmoja nizungumze naye."

Mama Giyem ana miaka hamsini na sijawahi kumsikia akimjibu hata msimamizi. Akasema taratibu, akiwa amekaa hapo hapo, "Bwana, mkizungumza na mmoja mnamchovya wino."

Kufika saa nane mchana mafundi walikuwa wanarudisha kinga kwenye mashine. Zote zilikuwa stoo, dada. Zimepangwa, zimepakwa mafuta, hazina hata kutu. Kasmi alisimama akaziangalia, kisha akatoka nje. Hakucheka siku ile.

Kuna jingine. Tangu Ijumaa kuna mwanamume anakaa kwenye kibanda cha wali mbele ya nyumba tuliyopanga. Wali haagizi. Anavuta tu sigara za karafuu. Jana alimuuliza mwenye nyumba ni yupi kati yetu mwenye mwandiko mzuri, kwa sababu madai yetu yaliandikwa kwa mkono.

Niliyaandika mimi.

Mdogo wako,
Winarsih


Kediri, 24 Mei 1994

Mdogo wangu,

Wa alaikum salaam. Hujambo? Unalala? Unakula? Sisi afya tunayo.

Shemeji yako amepelekwa Gresik kwa muda, tangu wiki mbili zilizopita. Anasema ni mambo ya usalama wa viwanda. Jumapili alikuja nyumbani. Tulikuwa tunakula, akatoa picha mfukoni akaiweka kando ya sahani ya tempe ya soya.

"Huyu si mdogo wako?"

Umekaa sakafuni, mstari wa mbele, umeshika magoti. Nikasema ndiye.

"Amenenepa," akasema. Yanti alitaka kumwona mama mdogo wake, akamnyima, akairudisha mfukoni. Kisha akasema, "Mwandikie. Mwambie anitajie watu wa nje wanaowafundisha maneno hayo. Wanafunzi wa chuo wa Surabaya, au nani. Akinitajia wawili tu naweza kumtoa kwenye orodha."

"Orodha ya nini?"

Akasema wali umepoa, nimpashie.

Kwa hiyo nakuuliza, Winarsih. Ni akina nani? Majina mawili. Sijui hata kama ninayeuliza ni mimi au ni yeye. Leo amekuja tena, amekaa mlangoni anapiga buti zake rangi huku naandika, na barua hii ataipeleka mwenyewe posta. Utanichukia na una haki. Mimi ninachotaka ni kukuona mzima.

Dada yako,
Rumiyati


Gresik, 2 Juni 1994

Dada,

Assalamu alaikum. Shikamoo. Hii inakuja kwa muuza vitambaa, isipite kwingine.

Nilikusamehe kabla sijamaliza ukurasa. Jibu ni fupi. Hakuna mtu wa nje. Aliyetufundisha ni Kasmi, na shemeji anaweza kumwona kila siku kwenye geti la kiwanda akiuza karanga, tangu apoteze kazi.

Jana tuliitwa watano kwenye ofisi ya jeshi ya wilaya. Waliokuwa wamekaa mezani ni wanaume watatu. Wa katikati alikuwa shemeji. Mbele yake palikuwa na barua tano za kuacha kazi kwa hiari, zimeshapigwa chapa, zimebaki sahihi.

Nilisema, "Shikamoo shemeji. Dada hajambo?"

Wenzake wawili wakacheka. Yeye hakuinua uso. "Hapa hakuna shemeji. Kaa chini, Bi Winarsih."

Nikakaa. Akaniuliza jina, umri, dini. Akauliza jina la baba.

"Unalijua."

"Litaje."

Nikalitaja.

"Ndugu za baba?"

Nikasema baba hakuwa na ndugu. Akaandika. Lakini aliandika kwa muda mrefu, dada, kuliko maneno niliyosema.

Wenzangu wawili walitia sahihi. Siwalaumu, mmoja ananyonyesha. Sisi watatu tumepewa hadi Jumamosi. Yule wa kushoto alitusindikiza mpaka mlangoni, akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia, "Binti, chama kitu gani? Wewe ukiondoka, hao wengine watakula kesho kama kawaida."

Kesho mchana nakwenda Surabaya kwa mawakili wanaosaidia wafanyakazi. Kasmi atanisindikiza mpaka kituo cha basi. Nikifika nitakuandikia.

Mdogo wako,
Winarsih


Kediri, 27 Juni 1994

Winarsih, mdogo wangu,

Nakusalimu bila kujua salamu zitakukuta wapi. Barua hii anaichukua Kasmi, aliyelala kwangu jana, akuwekee.

Hukuandika kutoka Surabaya. Nilikutumia barua mbili, kimya. Baba Yanti alirudi hapa tarehe tano. Alipofika tu alivua gwanda lake, akalifua mwenyewe kwenye karai uani. Miaka kumi na miwili ya ndoa sijamwona akishika sabuni. Nilimuuliza habari zako, akasema yeye hakuwa zamu. Sikuwa nimemuuliza kuhusu zamu.

Jana Jumapili, saa nne asubuhi, nilisikia watu nje. Wanawake thelathini na mmoja walikuwa wamekaa chini mbele ya mlango wangu, katikati ya nyumba za askari, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mama mmoja akasimama, akaniambia jina lake ni Giyem.

"Hatukuja kwa ugomvi, mama. Tumekuja kuuliza. Winarsih yuko wapi?"

Kasmi akanisimulia yote. Kwamba ulipanda basi Ijumaa ile, na kondakta anasema ulishushwa kwenye kizuizi cha askari kabla ya Surabaya, basi likaamriwa liondoke.

Niliingia chumbani. Baba Yanti alikuwa ameketi kitandani, amevaa fulana.

"Waambie waondoke."

"Wanauliza Winarsih yuko wapi."

"Waambie sijui."

Majirani walikuwa madirishani, wake wa askari wote, na hakuna aliyefunga pazia. Nilisimama pale katikati ya chumba nikamwaza bibi na ungo wake. Sisi tulikaa ndani miaka ishirini na tisa, kila mtu na hofu yake, hakuna aliyetoka kuuliza. Hawa hata si ndugu zako.

Nikapaza sauti wasikie wa nje. "Baba Yanti, mdogo wangu yuko wapi? Na kama unajua, uniambie pia baba mdogo Sardi, ndugu yake baba, alichukuliwa na lori mwaka sitini na tano, yuko wapi?"

Hakushtuka kwa lile jina. Alikuwa anajua.

Alitoka mpaka kizingitini, akawatazama wale wanawake, nao wakamtazama. Hakuna aliyemtukana. Akasema, "Yuko hai." Akavaa viatu, akawasha pikipiki, akaenda. Mpaka sasa hajarudi.

Hawakuondoka hadi alasiri. Niliwapikia wali, wakala, wakanioshea vyombo na kufagia uwanja.

Nilikuambia chama kimoja kinatosha. Sijui kama nilikosea au niliogopa tu, siku hizi siwezi tena kuvitenganisha. Ukiipata hii, andika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Rumiyati


Gresik, 4 Agosti 1994

Dada yangu Rumiyati,

Assalamu alaikum. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hii ni barua ya tatu, kwa hiyo nazihesabu shikamoo zote.

Narudia, huenda zile mbili hazikukufikia. Niko hai. Walinishusha tarehe thelathini ya mwezi wa sita, mchana, kando ya mashamba ya miwa karibu na Mojokerto, bila ndala. Siku ishirini na saba. Yaliyotokea nitakusimulia tukiwa wawili, au sitayasimulia. Kiwandani nimefukuzwa. Zile kinga zipo bado kwenye mashine. Chama chetu kimenyimwa karatasi za usajili, lakini Alhamisi chumba hakitoshi, siku hizi tunakaa mpaka uani. Wananilisha kwa zamu, nimeshindwa kuwazuia.

Kasmi alinipa barua yako siku ile ile niliyofika. Naijua kwa moyo.

Barua yangu ya kwanza hukuijibu. Ya pili imerudi juzi, imeandikwa juu yake "hayupo tena". Mwandiko ule naufahamu, dada. Niliutazama kwa muda mrefu ukiandika majina ya ndugu za baba.

Muuza vitambaa amepita kwako mara mbili. Anasema mlango una kufuli na mapazia yametolewa. Jirani alimwona anakuja akafunga dirisha. Shuleni wamesema Yanti aliondolewa katikati ya wiki, na aliyekuja kumchukua ni baba yake peke yake.

Jumapili tunakuja. Mwezi ule walikuja thelathini na mmoja. Safari hii waliojiandikisha ni mia na kumi, na wamo wale wawili waliotia sahihi. Tutakaa mlangoni kwako. Tukikosa mtu tutakwenda getini kambini, tukae pale. Ataanza Mama Giyem kuuliza, nitafuata mimi, kisha Kasmi, kisha wote, mmoja baada ya mwingine, kwa jina lako kamili.

Barua hii sikumpa muuza vitambaa. Nimeitia posta makusudi, ipite kwenye mikono inayozifungua. Kwa hiyo wewe uliyeifungua, kama ndiye ninayemdhania, weka gundi yako pembeni kidogo. Sitakuita shemeji, ulishanikataza. Nakuuliza mapema tu, ili Jumapili usiseme hukupewa nafasi ya kufikiri.

Rumiyati yuko wapi?

Mdogo wake,
Winarsih