Ubavu wa Fahali Unaningoja na Fizi Imeshonwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana mimi Jairus wa Tongaren si mtu wa kushindwa, uliza yeyote soko la Chwele, atakwambia nilivuta pikapu ya kabichi kutoka kwa matope, kamba nimeiuma kwa meno, dereva akiwa ndani, na labda kulikuwa na kamteremko kidogo, lakini nilivuta.

Sasa meno hayo hayo yakaanza kutoa damu, moja la nyuma likacheza kama nguzo iliyoliwa na mchwa, nikaenda Kitale kimyakimya, nyumbani nikasema ati natafuta gia ya trekta, na trekta mimi sina. Daktari Sabiha akafungua fizi, akasafisha shimo mahali mfupa umeisha, akaweka utando mwembamba kama ganda la kitunguu, akashona. Akasema, "Mzee, fizi ni kama kwekwe, inakimbilia shimo. Mfupa unaota polepole kama parachichi. Huu utando ni ua wa kuzuia kwekwe mpaka mfupa uote. Usitafune upande huo, usivute kitu kwa mrija, usiguse nyuzi." Nikamwambia mfupa wangu utaota kwa siku tatu. Akacheka, akasema miezi.

Leo ni siku ya tisa. Jumamosi wakwe wanatoka Cheptais kuleta mahari ya Nelima, mtoto wa dada yangu, na mjomba ni mimi. Juzi Mzee Kipketer, baba ya kijana, akanipigia: "Mjomba, sifa zako zimepanda mpaka huku mlimani! Tunakuletea ubavu wa fahali, utuvunjie kwa meno mbele ya wazee." Nikajibu nini? "Leteni mbili!" Mke wangu Nakhungu akashika kichwa: "Baba Levi, si ungesema tu uko na jino gonjwa?" Mshauri, nikivunja, jino limeenda, nisipovunja, jina limeenda. Nifanye nini bana?

Mjomba Jairus,

Pole, na hongera kwa Nelima. Nimecheka mpaka chai ikamwagika, halafu nikakasirika. Mtu mzima! Daktari amekupandia mfupa, wewe unaita ng'ombe shambani siku ya tisa. Ukiuma huo ubavu, nyuzi zitakatika, utando utasogea, fizi itajaza shimo, na jino utalizika. Kipketer hatakuazima lake.

Sikiza. Leo, si kesho, mpigie umwambie ukweli wote, hata ule wa kamteremko. Ubavu avunje kijana wake, si ndiye anatafuta mke? Wewe kunywa uji vuguvugu kwa kikombe na ule ndizi iliyopondwa, kwa upande mzima. Pombe ya busaa na mrija wake ipite mbali, sigara pia. Dawa ya kusukutua ibebe mfukoni. Jumatatu rudi Kitale, Daktari Sabiha aangalie kazi yake.

Na jina lako usiliogope. Umekatazwa kutafuna, hujakatazwa kusema. Simama mbele ya hao wazee uwaambie kwamba ndani ya mdomo wako kuna ua mwembamba kama ganda la kitunguu, na nyuma yake, hapo hapo unapoongea, mfupa unaota. Watabisha mpaka giza liingie. Na kwa mara ya kwanza maishani, Mjomba, hutahitaji kuongeza chumvi.