Majani ya Nje ya Kabeji

Voi, Jumapili, mwezi wa tano, 1964

Mvua imekatika tangu juzi, bustani bado ni tope, na mimi nina hasira na nafsi yangu.

Leo mke wangu, Wakesho, amegeuza shingo. Kidogo tu, amtazame binti yetu Mghoi aliyesimama mlangoni mwa wodi. Nilitoka nje nikalia.

Siku kumi na mbili hakuweza. Kilianza kichwa, nami, dresa, mhudumu wa dawa wa shamba la mkonge, nikampa kwinini bila kufikiri, maana huku kichwa kikiuma tunasema ni malaria. Halafu akatapika, shingo ikakakamaa, na ngozi ikawa haitaki kuguswa. "Baba Mghoi, nitolee hii leso, inanichoma," aliniambia. Leso aliyoizoea miaka yote! Hapo nikakubali kwamba sijui kitu, nikampeleka hospitali.

Daktari alimtoa maji ya mgongoni, akayapima, akaniuliza mke wangu amekula nini kibichi.

Nilimtajia kabeji, kwa aibu.

Tangu nirudi mafunzoni mwaka jana, kila Jumatatu nasimama mbele ya wakata mkonge na wake zao kuhubiri: msichemshe mboga mpaka nguvu yake iishe, kuleni kabeji mbichi. Wamenipachika jina, Bwana Kabeji. Wakesho mwenyewe hakuipenda. Alisema kwao Wusi anayekula hivyo ni mbuzi. Lakini alikula, watu wasije wakasema mke wa dresa hamsikii mumewe.

Daktari amesoma juu ya mnyoo wa panya, katika visiwa vya mbali. Unakaa mapafuni mwa panya, na watoto wake hutoka na kinyesi. Konokono wanakula kinyesi hicho. Mtu akimeza konokono mdogo aliyejificha kwenye jani bichi, wale minyoo wachanga hupanda mpaka kwenye ubongo, wakafia humo, na maumivu yote yanatokana na hayo. Ugonjwa wenyewe hauambukizi mtu kwa mtu. Alisema hana hakika kama ndio huo, na kwamba dawa ya kuwaua hana. Tutulize maumivu, tungoje.

Nilirudi moja kwa moja bustanini. Kabeji zangu nimezipanda kando ya ghala la mkonge, zipate kivuli, na panya wa ghala lile ni wengi kuliko sisi. Nikafunua kabeji moja. Konokono wanne wasio na gamba, wengine wadogo kama punje ya mchele. Siku zote nilikuwa nawaona. Nilikuwa nawapangusa kwa kidole, basi.

Lakini tulikula sahani moja. Kwa nini yeye, si mimi?

Jibu nimelipata jana, nikiosha vyombo. Kila siku alinikatia mimi sehemu ya katikati, nyeupe na laini. Majani ya nje, yale anakojificha konokono, aliyasuuza mara moja kwenye bakuli akayala yeye. Nilidhani anayapenda.

Sikuwahi kuuliza.

Kesho ni Jumatatu. Nikisimama niseme nilikosea, nyapara atacheka mpaka akae chini, na hilo nitalivumilia. Ninachoogopa ni akina mama kuacha kuniamini hata kwenye chanjo ya ndui. Lakini nikinyamaza, kuna wanawake kwenye kambi ya wakata mkonge wanaotafuna majani ya nje sasa hivi kwa sababu yangu. Nitasema. Pikeni, na Bwana Kabeji alikosea.

Mchana, kabla sijaondoka wodini, Wakesho aliomba chakula kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza anataka nini.

"Kabeji," akasema. "Iive, Baba Mghoi. Na leo ile ya katikati ni yangu."

Naandika haya sufuria ikiwa jikoni. Yake nimeitenga. Majani ya nje yanachemka, nitayala mimi.

Je, yameiva? Nayaongezea dakika kumi.