Gemu ya zamani ya Wafula

Jumapili, baada ya chai ya jioni

Afadhali sikurusha hii laptop dirishani. Mchana wote iliniambia haioni faili za gemu, na nimezitoa mwenyewe kwa CD yetu ya zamani. Programu mpya ya kuiendesha kwa Linux, mfumo wa hii laptop, ni ya bure, lakini ramani na sauti unajitafutia, unajiwekea. Kumbe nilikuwa nimeziweka kwa folda isiyo yake. Upuzi tu.

Wafula alikuwa kitandani akiangalia ukuta. Tangu mashine ya kiwandani Thika imkate vidole vya mkono wa kushoto, kakangu amehamia kwangu hapa Mwiki, na haongei. Naogopa. Mama nimemwambia yuko sawa.

Gemu ilipofunguka, nikahamisha kila kitu kutoka kwa kibodi hadi kwa mausi: kutembea, kupiga risasi, kufungua mlango. Nikamwita.

"Bro, kuja ujaribu."

"Na mkono gani?"

"Huo wa kulia. Mmoja unatosha."

Akakaa, akauawa ndani ya gemu, hapo mlango wa kwanza. Akauawa tena. Nikajua sasa atarudi kitandani. Lakini akakumbuka ule ukuta wa siri wa gemu unaofunguka, tuliokuwa tunapigania tukiwa watoto, akauingia, akacheka. Kicheko chake kile kile cha kelele.

Nikainama nione vizuri.

"Songa huko, unaniziba!" akasema, akanisukuma na mkono wa kushoto. Ule anaoficha mfukoni hata tukila.

Asante Mungu. Nimesukumwa vizuri sana.