Kuhusu Benson Kwenda Vitani Ng'ambo ya Ruvuma

Chanika,
Dar es Salaam.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Venance,

Marahaba. Barua yako imefika salama, na ule mwandiko wako wa ubaoni umenifurahisha. Nashukuru kusikia kwamba wewe na Monica mmepona mafua, na kwamba mvua za Bukoba hazijaezua shule. Sisi huku hatujambo. Goti langu linauma asubuhi, likishapata jua linaacha. Shemeji yako Filomena anakukumbusha senene uliomwahidi tangu Krismasi.

Mihogo imekubali mwaka huu. Jirani mpya wa upande wa chini amejenga ukuta mpaka njiani, na mimi kama mjumbe wa shina nimeshakaa vikao vitatu kusuluhisha. Ukuta bado upo.

Sasa la Benson. Unauliza kwa nini sijamwandikia mwanao barua ya utambulisho ya kupeleka serikali ya mtaa, ili aombe kujiunga na jeshi, ilhali ni kazi ya dakika tano. Umenieleza kurasa mbili nzima kwamba ukiwafuata magaidi huko waliko, hawatakufuata kwako. Umeandika vizuri, kama mwalimu. Ila adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikaa ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji, miezi kumi na moja kabla ya kustaafu jeshi, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Usemalo ni kweli. Tulipofika, soko la pale tulipopiga kambi lilikuwa limeota majani. Tulipoondoka, wanawake walikuwa wanauza samaki wakavu na kugombania nafasi za kukaa. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, na atakayesema hatukufanya kitu nitabishana naye.

Kuna jingine ambalo sijamwambia mtu ila Filomena. Kwa kuwa nakijua Kimakonde, niliwekwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu watokako na waendako, na kusema kama nawafahamu. Siku moja akatokea Jabiri. Unamkumbuka, yule wa ng'ambo niliyeingia naye jando mwaka mmoja, aliyekuwa akila kwa mama likizo nzima kama mtoto wa nyumbani. Alikuwa amebeba sanda. Mama yake alikuwa amefariki kijiji cha mbele na yeye alikuwa anakwenda kuzika. Karatasi hakuwa nayo hata moja, lakini lini watu wa mto ule wakavuka kwa karatasi?

Mkubwa wa zamu akaniuliza kama namjua. Wiki ileile mwenzetu mmoja alikuwa amemdhamini mtu, na mtu huyo akaja kukamatwa na bunduki. Niliogopa, Venance. Nikasema simjui. Jabiri akanitazama, akaniuliza kwa Kimakonde, "Anselmo, hata mimi?" Kisha akageuka na sanda yake akarudi alikotoka. Mama yake alizikwa na majirani.

Miezi mitano baadaye waliletwa wapiganaji waliotekwa, naye alikuwamo. Sijui kama alikwenda huko kwa sababu yangu. Huenda alikuwa mwenzao tangu siku ile na sanda ilikuwa danganyo. Nimeyawaza yote mawili miaka mitatu sasa na sijapata jibu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama vita vya ugenini vinapunguza ugaidi au vinauongeza, mimi nimeona soko likifunguliwa na nimemwona Jabiri amefungwa kamba. Kujumlisha na kutoa hapo nakuachia wewe mwalimu.

Ninachokijua ni hiki. Benson anaongea Kimakonde kuliko vijana wote wa Dar, marehemu mama alihakikisha. Akivuka mto, atasimamishwa palepale niliposimama mimi. Nilimweleza haya yote Jumapili baada ya misa. Akanijibu, "Baba mkubwa, mie ningesema namjua." Nikamwambia hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo. Akaudhika. Tangu siku hiyo shikamoo yake inatoka kwa shida kama jino, na inaniuma, maana mtoto huyu nampenda.

Lakini baba yake ni wewe. Ukishasoma haya na bado ukaona aende, niandikie kwa mkono wako kwamba unataka mwanao asimame kwenye kizuizi kile, utie sahihi. Nami nitamwandikia barua yake siku hiyohiyo. Simu usipige, sitaipokea kwa jambo hili.

Nisalimie sana Monica na binti yake Loveness, huyo mwambie baba mkubwa amefurahi kwa matokeo ya mtihani. Filomena anawasalimu, na Benson naye yupo uani anachanja kuni, hajui nakuandikia nini.

Mungu awape afya nyote. Na wewe, utakapokaa kunijibu, akupe mkono mwepesi au mzito, vile atakavyoona Yeye.

Wako akupendaye,
kaka yako,
Anselmo