Aliyepima Watu Presha

Baba watoto na wanangu,

Mboga iko kwenye sufuria, ipasheni. Msiongeze chumvi. ~~Kopo la chumvi nimelitupa.~~ Kopo liko chini ya kitanda changu. Litupeni nyie, mimi nimeshindwa.

Leo asubuhi mimi na nesi tulikuwa sokoni kupima watu presha. Muuza viatu akaogopa mashine, nikajifunga mwenyewe nimwonyeshe kwamba haiumi. Kumbe presha yangu imewazidi wote niliokuwa nawahubiria! Muuza viatu akanipisha kiti, akawa ananipepea na boksi la viatu: “Mama, si ulisema tupunguze chumvi?”

Nesi kanituma zahanati nikaanze dawa. Msicheke, soko zima limeshacheka.

Jioni muuza viatu atapita kuhakikisha nimemeza. Mfungulieni, ila kwanza litoeni hilo kopo.

Mama, ~~mwalimu wa afya~~ mgonjwa wenu