Mama Daktari wa Umoja

Nyanya mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu: naomba jibu la chuo cha udaktari lichelewe. Uliniuliza mahojiano yalikwendaje. Waliponiuliza kwa nini nataka kutibu watu, nilitazama viatu vyangu hadi mzee mmoja kati yao akasema, "Haya binti, nenda salama."

Huku mtaani Umoja majirani wameshaanza kumwita mama "Mama Daktari". Jana muuza mboga za sukuma alimtania, "Mama Daktari, kweli utatukumbuka sisi?" Mama akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike baba.

Nikikosa nafasi, atarudi kuwa Mama Rosa tu. Tafadhali Nyanya, usimwambie. Mwache aitikie jina hilo kwa sasa.

Mjukuu wako,
Rosa