Shairi Langu la Miaka Mia Mbili

Silas, nimeitwa mwizi. Mwizi wa shairi langu mwenyewe!

Unalikumbuka lile la ngamia aliyekataa kisima, nililolitunga mwaka jana hapa Waberi, likasambaa kwa simu mpaka Wajir? Nililitia kwenye kazi yangu ya anthropolojia, jina langu chini yake. Leo mwalimu wetu, Daktari Zilpah, kaniita ofisini.

"Abdiwali, hili ni la kale. Nililirekodi mwezi uliopita kule Griftu, Wajir, mimi mwenyewe. Lina miaka mia mbili."

Mia mbili, Silas! Mimi nina ishirini na mbili.

Nikawaka. Nikamwambia ampigie huyo aliyemwimbia. Akapiga, akaweka spika, akamuuliza shairi ni la nani.

Akajibu huyo mwimbaji, Mzee Yarrow: "Wallahi, hilo la babu wa babu yangu."

Nikalighani lote palepale. Kisha mzee akasema, "Kijana, umejitahidi. Lakini mstari wa mwisho umeuharibu. Babu alisema hivi." Akausema.

Sasa nina hadi Ijumaa kuleta ushahidi, la sivyo napata sifuri. Rekodi ya kwanza niliyokutumia unayo, na ina tarehe.

Usimpe mtu. Mstari wa mzee ni mzuri kuliko wangu, na wangu sitaki usikike tena.